Ukucha Unapokwama

Wikendi moja dada yangu aliniazima gari niende Naivasha, akanitumia na mia tano kwa M-Pesa. "Mpira wa waipa ya upande wa dereva umekwisha," akaniambia. "Pitia Grogan ununue mwingine kabla hujatoka." Nikamjibu, sawa dada. Mia tano ile nikaila nyama choma.

Tukirudi, mvua ilitukuta karibu na Limuru. Kila waipa ilipopita, chuma kililia juu ya kioo. Ningeweza kusimama. Nikaongeza sauti ya redio.

Asubuhi kulikuwa na mkwaruzo uliopinda kama upinde, sawasawa na macho ya dereva. Kabla ya kurudisha gari nikakimbilia Grogan. Pale watu hulipa wachorwe namba ya gari kwenye vioo, ili mwizi akiviiba asipate wa kumuuzia. Mimi nilienda kulipa nifutiwe ushahidi.

Fundi alipitisha ukucha juu ya mkwaruzo. "Ukucha ukipita bila kukwama, napiga polishi, unaisha. Wako unakwama, boss."

Nilidhani polishi huziba mkwaruzo, vile filla huziba bodi iliyobonyea. Kumbe hakuna kinachozibwa. Unga wa seriamu oksidi huchanganywa na maji, kisha kioo husuguliwa polepole kwa gurudumu la sufu lililofungwa kwenye drili, kikilowanishwa kila mara kwa sababu kikipata moto sana kinaweza kupasuka. Kinachoondoka ni kioo kizima kilichouzunguka mkwaruzo, mpaka kishuke kufikia kina chake. Ili alama moja ipotee, sehemu yote ya jirani lazima ipungue.

"Naweza kuutoa," fundi akasema. "Lakini nitachimba sana, kioo kibaki na kabonde. Mchana hutaona kitu. Usiku, taa za gari linalokuja zitakupindia." Halafu akauliza, "Mwenye gari anajua?"

Sikumjibu. Dada yangu ni nesi. Kuna siku hutoka zamu saa tatu usiku na kushika Thika Road peke yake.

Ni kweli, hata mkwaruzo wenyewe humsumbua dereva usiku. Lakini angalau unaonekana. Ukiuona unapunguza mwendo, unauliza nani aliufanya, unabadilisha kioo. Bonde lililong'arishwa halikuulizishi chochote. Utadhani ni macho yako yamechoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi ningeyaficha mimi, kifo kikamtafute mwingine.

Ndiyo maana sikubaliani tena na ule msemo wetu wa mtaani kwamba kosa lisiloonekana halimuumizi mtu. Kosa linaloonekana humpa aliyekosewa nafasi ya kujilinda. Ukilifuta kabla hajaliona, umemkosea mara mbili, na hiyo mara ya pili umemnyang'anya hata onyo.

Nilimlipa fundi asante tu, nikaondoka na upinde wangu.

Lakini tusinivishe taji mapema. Je, ukucha usingekwama? Fundi angesugua kidogo, kioo kingebaki salama, na mimi ningerudisha funguo nikitabasamu. Nimejiuliza swali hili mara nyingi, na jibu la kweli ni kwamba ningenyamaza. Ukweli wangu wote, basi, ulitegemea kina cha mkwaruzo. Kwamba nilisema si ushahidi kuwa mimi ni mtu mkweli. Labda ni ushahidi tu kwamba chuma kilichimba sana.

Jioni ile nilimpa dada funguo, nikamwonyesha kioo, nikamwambia nitakinunua kipya kwa pesa zangu. Nimeshakinunua. Siku hiyo alisimama akiutazama ule upinde kwa muda mrefu. Nilijiandaa kusikia habari za bei ya kioo, za uzembe, za mvua.

"Na zile mia tano?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mkwaruzo aliokuwa akiupapasa hata haukuwa kwenye kioo. Huo ungekuwepo hata kama chuma kingegusa kioo kidogo tu, hata kama mvua isingenyesha kabisa. Na Grogan nzima haina polishi yake.