Shamba la Nabothi na Vita vya Ramoth-Gileadi

Neno la mwezi huu: 1 Wafalme sura ya 21 na 22



Kuna swali ambalo tumeulizwa bombani, kwenye foleni ya mgao, na hata baada ya ibada za nyumba kwa nyumba: je, ni kweli wakubwa huanzisha vita ili watu wasahau shida za nyumbani? Hivi karibuni kikundi kimoja cha maombi kilivunjika kwa ajili ya swali hili. Mmoja alisema vita vya Cabo Delgado vililetwa makusudi ili yale madeni ya siri ya Maputo yasahaulike. Mwingine akajibu kwamba hapana, vililetwa na Waislamu wa pwani. Watu wakaondoka bila kuomba, na wawili kati yao hawajasalimiana mpaka leo. Tukaona afadhali tulijibu hapa, kila nyumba isome kwa utulivu wake.

Tuanze na Ahabu. Katika sura ya 21 mfalme anataka shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi. Nabothi anakataa, kwa sababu ni urithi wa baba zake. Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, mashahidi wawili wa uongo wanakalishwa mbele ya watu, na Nabothi anapigwa mawe mpaka kufa. Ahabu anashuka kulitwaa shamba, na huko anamkuta Eliya. Hayo ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwake: ardhi ya mtu mdogo na damu ya mtu mdogo.

Fungua sasa ukurasa unaofuata. Miaka mitatu imepita bila vita na Washami, ndipo mfalme anawakumbusha watumishi wake kwamba mji wa Ramoth-Gileadi ni wao, na wamekaa kimya tu. Tusome kwa uaminifu, ndugu. Maandiko hayasemi kwamba Ahabu alikwenda vitani ili kuificha damu ya Nabothi, nasi hatuwezi kuongeza neno. Tena dai lake lilikuwa na haki ndani yake, maana Ramothi ulikuwa mji wa Israeli kweli. Lakini angalia jinsi nchi ilivyogeuka. Manabii mia nne wanasema panda. Sedekia anatengeneza pembe za chuma. Hakuna tena anayeuliza habari za lile shamba. Mtu mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, anasema ameona Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji, naye anatiwa gerezani kwa chakula kidogo na maji kidogo.

Sisi tuliotoka Macaloe hatuhitaji kufafanuliwa hiyo picha ya kondoo.

Kuna jambo lingine ambalo wahubiri wengi hulipita upesi. Siku ya vita Ahabu alijibadilisha asitambulikane, akamwacha Yehoshafati avae mavazi ya kifalme. Aliyevitaka vita alijificha, na mgeni wake akafukuzwa na magari ya adui. Hata hivyo mshale uliotupwa kwa kubahatisha ulimkuta Ahabu penye maungio ya deraya.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano ambao wazee wanaukumbuka, hasa wale waliobaki upande wa Tanzania baada ya uhuru wetu wa 1975. Ni Idi Amin wa Uganda. Alitwaa serikali kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia akawapa siku 90, na maduka yao yakagawiwa watu wasiojua biashara. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye pamoja na maaskofu wenzake alikuwa amemwandikia Amin kulalamika juu ya mauaji, alikamatwa na kuuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Ikafika 1978, bei ya kahawa imeshuka, makamu wake Mustafa Adrisi yuko hospitali ng'ambo baada ya ajali, na wanajeshi wamegawanyika. Baadhi ya vikosi viliasi, na baadhi ya waasi wakavuka mpaka.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Uganda ilitangaza kwamba nchi yote mpaka mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni yake. Wakapora ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, wakaua, wakabaka, wakavunja daraja la Kyaka. Maelfu ya wananchi wakakimbia na vifurushi kichwani kama sisi. Amin mwenyewe alikuwa akifanya mzaha, eti yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni.

Wapo wanaosema kwamba askari walivuka kwanza wakiwafukuza waasi, na Amin akafuata nyuma ya jeshi lake. Haiondoi neno. Kama moto aliuwasha yeye au aliukuta unawaka, aliukubali kwa furaha, kwa maana kwa siku chache askari waliokuwa wakigombana wao kwa wao walikuwa na kitu cha kupora kwa pamoja. Mwalimu akatangaza vita, Msumbiji nayo ikapeleka askari kusaidia, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafa Jeddah mwaka 2003 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Waliolipa ni wengine. Watanzania waliambiwa wafunge mikanda miezi 18, na wanaokumbuka wanasema mikanda haikulegezwa miezi hiyo ilipokwisha. Waganda nao waliendelea kuuana miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo swali la kwanza tunalijibu: ndiyo, wako watawala waliofanya hivyo, na wako waliojaribiwa kufanya.

Sasa tuje kwetu, na hapa tunaomba msomaji asiruke mistari. Vita vyetu vilianza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, vituo vya polisi viliposhambuliwa. Habari za madeni ya siri, zaidi ya dola bilioni 2 zilizokopwa mwaka 2013 na 2014, zilikuwa zimefichuka mwaka 2016. Mtu akiiweka miaka hii sambamba anaona kama fumbo limefumbuka. Lakini mwaka kufuata mwaka si ushahidi. Torati inataka mashahidi wawili au watatu, tena wa kweli. Nabothi aliuawa kwa mashahidi wawili wa uongo. Hatutaki kanisa hili liwe na benchi lao, hata kama anayesingiziwa ni waziri.

Na lile la kusema ni Waislamu? Ndugu, viongozi wa misikiti ya pwani ndio waliowahi kuonya juu ya kundi lile kabla ya 2017, na waliochinjwa wa kwanza walikuwa pamoja nao. Wengi wetu tulipandishwa mashua na Wamwani, tukashuka Paquitequete mwaka 2020 tukiwa tumeshikana nao mikono. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule mashua moja ya waliokimbia ilizama na makumi ya watu wakafa. Bahari haikuuliza nani anasali wapi.

Dhambi tunayoiona kwetu ni nyingine, na haina kelele. Ni ya mtu ambaye hakuwasha moto, lakini ameukuta unawaka akavuta kiti aote. Tarehe 23 Aprili 2020 baraza la ulinzi na usalama la taifa lilisema nchi imevamiwa kutoka nje. Ni kweli wageni walikuwamo, na kundi la Dola la Kiislamu lilikuwa linajisifu kwa mashambulizi tangu 2019. Lakini vijana wengi waliobeba mapanga tulikuwa tunawajua kwa majina ya mama zao. Walizaliwa pwani hii hii. Waliona rubi zinatoka Montepuez, na mapema 2017 wachimbaji wadogo wakafukuzwa kwa fimbo. Waliona gesi imegunduliwa tangu 2010, na wavuvi wa Afungi wakahamishwa mbali na maji. Ukiviita vita vyote uvamizi wa nje, hakuna wa kuulizwa ndani. Shamba la Nabothi linasahauliwa.

Na uchungu wenyewe ni huu: sehemu ya yale madeni, zaidi ya dola milioni 600 za kampuni ya ProIndicus, ilikopwa kwa jina la kulinda bahari. Bahari hii yetu. Mahakama ya Maputo iliwatia watu 11 hatiani Desemba 2022, na aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, akahukumiwa New York Januari 2025. Haya ni mambo ya mahakamani, tunaweza kuyasema bila kuogopa dhambi ya uongo. Sisi tuliokuwa visiwani tunaweza kuongeza kwamba mwaka 2020, washambuliaji walipokuja kwa mashua, hatukuona meli ya kutulinda.

Tukiri na la kwetu. Mwaka mmoja mgao ulichelewa na hesabu ya magunia haikukamilika. Kabla kamati haijaulizwa, mmoja wetu alisimama akasema wenyeji wanatunyima kisima. Jioni ile vijana wetu walikwenda kisimani na fimbo, na mtoto wa mwenyeji akavunjwa mkono. Hesabu ya magunia haikuulizwa tena. Hatukuwa na jeshi wala redio, lakini tulifanya lile lile la Ramothi, na sisi wazee tuliokuwapo tulinyamaza kwa sababu ilikuwa nafuu kwetu. Mama wa yule mtoto bado anapita mbele ya kanisa akienda shambani.

Basi, Alhamisi ijayo saa kumi, kabla ya maombi, kitabu cha magunia cha mwaka ule kitafunguliwa mbele ya wote. Mzee wa kisima amealikwa na amekubali kuja. Wale wawili wasiosalimiana tumewaomba waje pamoja, mmoja asome sura ya 21 na mwingine sura ya 22. Mwenye mkeka aje nao, kwa kuwa mabenchi hayatatosha.