Jina la Tisa Kwenye Karatasi

Somo la wiki: 1 Wakorintho 14:26–33

Kijana anayepiga gitaa kwenye kwaya yetu alinijia baada ya ibada, akanishika mkono na kuchelewa kuuachia. "Mchungaji, Jumanne jioni una kazi?" Nikamwambia nina kikao. "Basi kiahirishe, nakuomba. Kuna mahali nataka unisindikize. Naogopa kwenda peke yangu."

Nilishangaa. Huyu amezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma, na tangu akiwa mdogo amepiga gitaa kwenye mikutano ya injili ambayo watu wake hawahesabiki. Ni mahali gani hapa Albany pangemtisha?

Pakawa mkahawa tu. Meza kama kumi na nne, harufu ya mdalasini, na ile mashine ya kahawa inayofoka mvuke kama garimoshi la zamani. Kila Jumanne usiku wana maiki huru. Utaratibu wake hauhitaji katiba: karatasi inabandikwa karibu na kaunta, anayefika anaandika jina lake, na majina yanaitwa kwa kufuatana. Hakuna wa kukuuliza umejifunzia wapi muziki. Ukiitwa, una nyimbo mbili au dakika kumi, kisha unashuka. Malipo hakuna, ila kuna mtungi wa kioo unaopitishwa mezani kwa anayependa kutoa. Mwenye mkahawa naye anauza kahawa siku ambayo viti vyake vingekuwa vitupu, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Kijana wangu aliandika jina la tisa. Tukakaa.

Wa kwanza hadi wa tano sitawasimulia. Wawili walijua, watatu walikuwa wanatafuta. Wa sita alikuwa mzee wa umri wa marehemu baba yangu, na gitaa lililochubuka. Akaanza wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu barabara ya reli iliyong'olewa kijijini kwao. Alipofika ubeti wa pili maneno yakamkimbia. Akasimama. Akarudia noti moja, akasimama tena.

Mimi najua kwetu tungefanya nini. Mpiga kinanda angeingia kwa sauti kubwa kufunika, kina mama wangepiga vigelegele, mwendesha ibada angesema tumpigie Bwana makofi, na mzee angeshushwa jukwaani kwa heshima zote kabla hajajua kimetokea nini. Tunaita huruma. Wale hawakufanya lolote. Hakuna aliyekohoa. Binti wa kaunta aliondoa mkono kwenye mashine, ikanyamaza. Ukapita muda mrefu, labda nusu dakika, lakini kwa mtu aliyesimama mbele za watu nusu dakika ni kama kesha zima. Mzee akaangalia dari. Kisha ubeti ukarudi, akauchukua pale alipouachia, akaumaliza.

Wimbo wenyewe, niseme kweli, haukuwa mzuri sana.

Somo letu la wiki hii huwa tunalisoma kama amri ya utaratibu, na sisi Walutheri tunapenda sana utaratibu. Lakini angalieni ni ibada ya namna gani Paulo anayoipanga pale Korintho. Kila mmoja anakuja na chake: huyu zaburi, huyu fundisho, huyu ufunuo. Wanene wawili au watatu, wengine wapime. Na likija jambo kwa mtu aliyeketi, yule aliyesimama anyamaze. Nimehubiri miaka kumi na tisa na sijawahi kunyamaza kwa sababu aliyeketi amepata jambo. Hata sijui angewezaje kunijulisha, kwa maana maiki ninayo mimi.

Rudini nyuma sura tatu. Kwenye meza ya Bwana wapo wanaotangulia kula, wengine wakabaki na njaa, na dawa anayowapa Paulo ni fupi: wangojane. Nilikuwa nikidhani neno hilo linahusu chakula tu.

Mikahawa ya aina hii ina historia katika jimbo hili la New York, na inafaa muijue. Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kaskazini mwa Albany, katika mji wa Saratoga Springs, upo Caffè Lena, uliofunguliwa mwaka 1960 na Lena Spencer na mumewe Bill. Nia yao haikuwa utume wowote. Walitaka kuuendesha mwaka mmoja au miwili, wapate fedha, wakaishi Ulaya. Fedha hazikupatikana. Mume akaondoka baada ya miaka michache. Lena akabaki, akiuza kahawa na keki bila pombe, akiwalisha wanamuziki waliokuja bila senti na kuwatafutia pa kulala, hadi alipofariki mwaka 1989. Ulaya haikutokea. Marafiki zake wakaugeuza mkahawa kuwa shirika lisilo la faida, na muziki unaendelea hadi leo.

Mwaka 1961 alifika pale kijana wa miaka ishirini ambaye karibu hakuna aliyemjua, Bob Dylan. Watu hawakumsikiliza, walipiga soga akiimba. Inasimuliwa kwamba Bill Spencer alipanda jukwaani akawakaripia wateja wake mwenyewe, waliolipa fedha zao, akawaambia wanyamaze. Miaka 55 baadaye kijana yule alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Sisimulii hili ili mseme, "Kumbe, msikilize kila mtu, huenda akawa Dylan." Yule mzee wa reli hatakuwa Dylan. Alingojwa hivyo hivyo.

Jina la tisa likaitwa. Kijana wangu akapanda, magoti yakitetemeka waziwazi. Akaimba kwa Kiswahili, wimbo wa mama anayeita majina ya watoto wake jioni, na mle ndani tulioelewa maneno tulikuwa wawili, mmoja wetu ndiye aliyekuwa akiimba. Alikosea mara mbili. Wote walimtazama mikono na mdomo. Alipomaliza walikaa kimya kidogo kabla ya kupiga makofi.

Njiani nikamuuliza kwa nini aliogopa watu thelathini na kanisani haogopi mia tatu.

"Kanisani hamnisikii, Mchungaji."

Nikamwambia, tunakusikia sana, watu wanacheza!

"Mnacheza. Mnaimba na mimi. Lakini nikikosea hakuna anayejua. Pale nilijua watajua."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu nilikumbuka nifanyacho kwaya inapoimba. Napitia muhtasari wa mahubiri. Natafuta ukurasa wa liturjia. Jumapili mbili zilizopita, Mungu anisamehe, nilijibu ujumbe wa simu kuhusu gari la kubeba viti, huku kina mama wakiimba wimbo walioufanyia mazoezi mwezi mzima. Nilipoinuka nikasema kwaya imetubariki. Ilimbariki nani?

Jumamosi nilipeleka hoja kwenye baraza la wazee: kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tubandike karatasi mlangoni, nafasi nne, anayefika anaandika jina. Wimbo, ushuhuda, shairi, chochote. Pasiwe na kinanda cha kufunika. Mzee mmoja akauliza, je, akiandika yule mama ambaye sauti yake sote tunaijua? Nikasema tutamngoja amalize. Wakatazamana.

Mhazini ndiye aliyeleta neno la maana. Ukumbi tunaupanga kwa saa, akasema, na saa nane kamili wenye zamu inayofuata wanasimama mlangoni na magitaa yao. Dakika arobaini za watu wanne zitatoka wapi?

Nikamkumbusha Eutiko wa Matendo 20, aliyelala dirishani Paulo akirefusha mahubiri, akaanguka toka orofa ya tatu. Nikasema zitatoka kwangu. Nitahubiri dakika kumi na mbili.

Mhazini akaniomba niiweke kwa maandishi.