Deni la Mchoraji

Yafaa tujiulize: mtu akitoka nje na rangi zake za maji, akaichora nchi ya watu, je, anawiwa nini na wale aliowachora?

Rangi za maji hazitaki haraka. Huko Ulaya, baridi inapong'ang'ania na majira ya machipuko yakakawia, karatasi haikauki upesi. Mchoraji hana budi angoje rangi ya kwanza ikauke ndipo aongeze ya pili. Juba haina majira hayo. Lakini mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi wa Aprili, unyevu humkalisha mchoraji vivyo hivyo kando ya Mto Naili. Katika kungoja huko macho huyaona yaliyoyapita hapo kwanza. Ndiyo maana wako wasemao kwamba kutazama kwa subira ni heshima tosha.

Sisi hatuafiki. James Augustus Grant, Mskoti aliyesafiri na John Hanning Speke, alizuiwa na ugonjwa wa mguu huko Karagwe, kwa Mfalme Rumanika, tangu mwishoni mwa 1861 hadi Aprili 1862. Subira hakuikosa, na michoro yake ya safari ile ni hazina. Mnamo Februari 1863 walifika Gondokoro, karibu na Juba ya leo, palipokuwa na biashara ya pembe na watumwa. Hapo walimkuta Samuel Baker, naye pia mchoraji wa rangi za maji. Leo karatasi za Grant zimo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Jina la mchoraji twalijua. Ya waliochorwa twayajua machache.

Atasema mtu: asingalichora, tusingalikuwa na kitu. Ni kweli. Lakini shukrani haifuti deni.

Tena jambo hili si la kale tu. Juba iliona vita mwezi wa Desemba 2013 na tena Julai 2016. Katika mji uliopatwa na hayo, mgeni akaaye kutwa akiikodolea macho nyumba ya mtu huweza kumtia hofu mwenyewe, hata kama nia yake ni njema.

Basi sisi walimu, tunapowatoa wanafunzi nje kuchora, tuwafundishe kwanza kubisha hodi: waombe ruhusa, waandike jina la mahali na la mtu akiridhia, kisha wamwonyeshe picha. Subira ya macho ni nusu ya heshima. Nusu ya pili ni kuuliza.