Dhana na Uaminifu katika Shehena za Ndege

Mnamo Oktoba 2010, vifurushi viwili vilivyotumwa kutoka Sanaa, Yemeni, kwa anwani za Chicago, vilinaswa Dubai na katika kiwanja cha ndege cha East Midlands, Uingereza, vikiwa na printa ambazo ndani ya katriji zake kilifichwa kilipuzi kiitwacho PETN. Na la kushangaza ni kwamba ukaguzi wa kwanza huko Uingereza haukukigundua, bali taarifa za kijasusi kutoka Saudi Arabia ndizo zilizowafanya wakaguzi warudie kazi. Tangu hapo ulitiliwa mkazo zaidi utaratibu wa mtumaji anayetambulika, yaani yule aliyechunguzwa na kuidhinishwa mapema ili shehena yake isipekuliwe upya, huku Umoja wa Ulaya ukitaka mizigo ya kutoka nje ithibitishwe huko huko inakopakiwa.

Utaratibu huo unazua swali la kimaadili. Sura ya Al-Hujurat katika Qurani inaonya dhidi ya wingi wa dhana, na mtu anaweza kudai kwamba kumshuku mtumaji kwa sababu tu ya nchi yake ni dhuluma. Lakini mashine inayopekua kila kifurushi haimshuku yeyote (hata ikichelewesha samaki wabichi), ilhali orodha ya wanaoaminika humwacha nje mfanyabiashara mdogo ambaye pengine hakupungukiwa na chochote ila gharama za kuidhinishwa.