Kikapu Kisichouzwa

Waswahili husema kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake ni kwamba kazi, hata ikiwa duni, inafaa kuliko mchezo unaopendeza. Nimelelewa kwa methali hii. Lakini tangu mama yangu aliporudia kusuka vikapu nimeanza kuitilia shaka, na katika insha hii nitajaribu kueleza kwa nini.

Mama alijifunza kusuka agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, alipokuwa msichana mdogo huko Burundi. Nyasi hukusanywa zikawa fungu jembamba, fungu huzungushwa kama gamba la konokono, kisha kila mzunguko hushonewa kwenye ule wa chini yake kwa sindano na uzi wa mkonge. Alipokimbia vita, aliacha. Hapa Lilongwe aliuza nguo za mitumba, ambazo wenyeji huziita kaunjika, katika soko la Chinsapo. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, naye akarudi. Siku hizi asubuhi hukaanga maandazi na kuyauza. Jioni husuka.

Mwaka jana mtu wa mradi fulani alikiona kikapu chake cha kwanza, akamshauri asuke thelathini, kwani wanunuzi wangepatikana. Mama alimjibu: “Asante, baba. Maandazi nauza. Hiki siuzi.” Mimi nilikasirika. Nilikuwa nadaiwa ada. Nilimwuliza, “Mama, sisi wenye madeni tunasukaje kitu cha kuweka juu ya kabati?” Aliendelea kushona, hakunijibu.

Swali langu basi ni hili: je, mtu mwenye shida ana haki ya kufanya kazi ya mikono kwa kuipenda tu?

Wanaosema hana haki wana hoja nzito. Kwanza, mkono unaoweza kuleta sabuni nyumbani usilete mapambo. Pili, wanasema tunajidanganya tunapoita usukaji wa zamani burudani. Bibi zetu hawakusuka kwa kujifurahisha. Kikapu kilihifadhi nafaka, kilibeba unga wa kupeleka harusini, na msichana asiyejua kusuka alichekwa. Kwa nini tuufanye wajibu wao kuwa starehe yetu?

Hoja hii ya pili naikubali nusu. Ni kweli mama harudii maisha ya bibi. Alipokuwa na miaka minane alisuka kwa sababu aliamriwa. Sasa ni mtu mzima, na hakuna anayemwamuru. Mikono ni ileile na mshono ni uleule, lakini safari hii amechagua mwenyewe. Anayerudia kazi ya utotoni kwa hiari harudi nyuma. Anaichukua upya kitu ambacho mwanzoni alipewa bila kuulizwa.

Hoja ya kwanza ni ngumu zaidi, hasa kwetu. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilitangaza kwamba baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea, itavichukua kama mapendekezo tu. Hivyo ajira nyingi zimefungwa kwa mkimbizi, na kazi za mikono ni miongoni mwa milango michache iliyobaki. Ndiyo maana kila mgeni anayefika Dzaleka akiona kikapu huona mradi. Nia yake ni njema. Lakini tazama matokeo yake: mtu maskini hawezi kushika sindano bila kuulizwa bei. Tajiri akisuka husifiwa kwa kutuliza akili. Maskini akisuka bila kuuza huitwa mzembe.

Neno letu “shule” tumelipata kwa Wajerumani, nao walilipata, kupitia Kilatini, kutoka neno la Kigiriki lililomaanisha wakati wa mapumziko. Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate nafasi ya kupumzika, na kwamba ndani ya nafasi hiyo mtu hufanya mambo yenye thamani kwa yenyewe. Kasoro yake ni kwamba nafasi hiyo aliiona ni ya watu huru, huku watumwa wakifanya kazi. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Halikusema kila mtu aliyekwisha kulipa madeni yake.

Hata hivyo, kosa la Aristotle linatuachia onyo. Jioni mama anaposuka, mdogo wangu wa kike ndiye anayepanga foleni ya maji bombani. Kama mapumziko ya mmoja yanabebwa kichwani na mwingine, basi hapo haki imegeuka kuwa upendeleo. Nilimweleza mama jambo hili, na hili hakulinyamazia. Siku hizi wanapokezana ndoo, nami nikiwa likizo ni zamu yangu. Nadhani huo ndio mpaka wa kweli. Tusiulize kama kikapu kinaleta pesa. Tuulize nani anabeba mzigo wakati kinasukwa.

Ada yangu bado sijaimaliza, na siwezi kusema kwamba sikumbuki vile vikapu thelathini. Lakini maandazi ya asubuhi yanatosha kuthibitisha kwamba mama yangu ni mchapakazi. Jioni hana la kuthibitisha kwa mtu. Likizo iliyopita alinipa sindano nijaribu. Mzunguko wangu ulilegea, akaufumua wote, akanirudishia nianze tena. Hakuwa na haraka, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyekuwa akikisubiri.