Maiti ya Mfalme na Mkono Ulioirudisha

Kabaka Mutesa wa Pili alifariki London tarehe 21 Novemba 1969, mbali na Buganda. Mei 1966 askari walioongozwa na Idi Amin, kwa amri ya Milton Obote, waliishambulia ikulu yake ya Mengo, naye akaponea chupuchupu. Amin huyo huyo, alipokwisha kushika serikali Januari 1971, ndiye aliyeagiza maiti irejeshwe; ikazikwa Kasubi tarehe 4 Aprili, karibu na Makabaka waliomtangulia, mbele ya umati mkubwa wa waombolezaji.

Je, wema utokao katika mkono uliodhulumu ni wema? Wako wasemao kuwa nia mbaya huliharibu tendo lote. Walakini maiti haina haja na nia ya aliyeibeba. Yataka ardhi yake. Waganda nao walihitaji kaburi, maana kwa desturi yao mrithi hana budi kutimiza wajibu wake katika mazishi ya baba. Kijana Mutebi aliutimiza, ingawa ufalme wenyewe ulikuwa umefutwa tangu 1967. Kuikataa maiti kwa sababu ya mletaji kungalikuwa kumwadhibu marehemu mara ya pili.

Hatari ilikuwa katika shukrani. Mwizi arudishaye ng'ombe hana haki ya kudai fadhila, wala mwenye ng'ombe hawiwi naye. Amin alipokea shangwe nyingi siku zile, na yamkini alizitarajia. Ufalme aliukataa. Ulirudi 1993, naye akiwa uhamishoni.