Utii wa Kijana na Filimbi ya Mkubwa Wake



Mwezi wa saba ukifika, mvua hukoma, njia hukauka, na shule hufungwa mpaka mwezi wa tisa. Huo ndio wakati ambapo vyama vya vijana hufanya kambi: skauti, na vile vile Xaveri, chama kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, mmisionari wa Afrika. Vijana hulala mbali na nyumba zao. Hujifunza kufunga mafundo, kutunza jeraha, kuchemsha maji ya kunywa, kupika bila mama kuwa karibu. Na wakubwa wao nao hufanyiwa mafunzo ya peke yao, ili wajue namna ya kuwaongoza.

Wazazi wengi hufurahi. Lakini wengine husita, tena kusita kwao si ujinga. Huuliza: “Kijana wa miaka ishirini na mitano apewa filimbi, naye awaamuru watoto wetu thelathini: simameni, ketini, nendeni, rudini. Je, yafaa kumzoeza mtoto kumtii mtu namna hiyo? Leo anatii filimbi ya kambini. Kesho atatii filimbi ya nani?”

Swali hili ni zito, nasi tulio Kabambare tunayo sababu ya kuliuliza. Wazee wanakumbuka mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza vyama vya vijana vya dini, ikataka vijana wote wawe katika chama kimoja tu, JMPR. Huko nako kulikuwa na sare, na nyimbo, na amri. Na juu ya yote alikaa mtu mmoja ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumwambia kwamba amekosa. Tena katika miaka ya vita, makundi yenye silaha yamechukua vijana wa nchi hii, hata watoto, ingawa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtu aliye chini ya miaka 18 katika jeshi au katika kundi la silaha. Huko pia mtoto hufundishwa kutii. Naye hutii sana, mpaka akaua.

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini methali haisemi ni mkono wa nani utakaomkunja, wala atakunjwa kuelekea wapi.

Basi tuulize: Utii mwema na utii mbaya hutofautianaje, ikiwa kwa nje hufanana?

Wengine hujibu: “Tofauti imo katika jambo linaloamriwa. Ukiamriwa mema, utii wako ni mwema; ukiamriwa mabaya, utii wako ni mbaya.” Jibu hili ni la kweli, lakini halitoshi. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kila mara kuipima amri kabla ya kuitenda. Zaidi ya hayo, mtu atakaye kumpoteza mtoto haanzi na mabaya. Huanza na amri ndogo zisizo na hatia: leta maji, beba mzigo, kaa hapa ulinde njia. Mabaya huja nyuma, mtoto akiwa amekwisha kuzoea. Kwa hiyo twahitaji alama ambayo hata mtoto aweza kuiona tangu siku ya kwanza.

Alama hiyo ni hii: tazama kama yeye anayeamuru, naye anatii.

Mwaijua habari ya yule akida wa Kafarnaumu ambaye mtumishi wake alikuwa mgonjwa. Alimweleza Bwana Yesu kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka, tena anao askari chini yake. Angalieni mpango wa maneno yake. Kwanza yuko chini. Ndipo anao walio chini yake. Hakujisifu kwamba ni mkubwa, ndiyo maana watu wanamtii. Alijua kwamba amri yake ina nguvu kwa sababu yeye naye hutii amri.

Sasa tuwaangalie skauti. Mwezi Agosti mwaka 1907, wakati wa kiangazi cha Ulaya, Mwingereza Robert Baden-Powell alikusanya watoto wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanya kazi. Aliwagawanya katika vikundi vinne, na kila kikundi kikawa na mkubwa wake, naye ni mtoto kama wenzake. Baadaye vijana walipokuwa wengi, ikaonekana kwamba wakubwa nao wanahitaji kufundishwa. Basi mwaka 1919 mafunzo yao yalianza mahali paitwapo Gilwell Park, karibu na London. Yalifanyikaje? Watu wazima waligawanywa katika vikundi kama vya watoto. Wakalala hemani, wakapika chakula chao wenyewe, wakaamriwa. Aliyetaka kupiga filimbi alitakiwa kwanza aitikie filimbi.

Tena ahadi anayoiweka mtoto wa skauti, mkubwa wake naye huiweka, na sheria yao ni moja. Katika ahadi hiyo Mungu hutajwa kwanza, ndipo wengine. Kwa hiyo utii wa mtoto ni amana mkononi mwa mkubwa, wala si mali yake. Siku atakapoamuru neno lililo kinyume cha sheria iliyowafunga wote wawili, mtoto ataweza kujua. Maana sheria hiyo anayo yeye pia kichwani, ameikariri. Lakini katika kundi la mtu asiyetii yeyote, mtoto hana kipimo, kwa kuwa kipimo ni ule mdomo wa mkubwa, nao hubadilika kila asubuhi.

Tutoe mfano. Tuseme kambi iko kando ya mto Luama. Mkubwa aamuru kundi livuke. Kijana mmoja aliyezaliwa karibu na mto asema: “Mkubwa, pale pana kilindi.” Mkubwa asiyefundishwa ataona kwamba amevunjiwa heshima, naye atapiga filimbi mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mkubwa aliyefundishwa atasimamisha kundi. Atatwaa fimbo ndefu, ataingia majini kwanza, atapima. Akikuta kwamba yule kijana amesema kweli, atamshukuru mbele ya wote, kisha atatafuta kivuko kingine.

Je, mkubwa huyo amepoteza mamlaka yake? Hata kidogo. Kesho akisema “vukeni”, watavuka bila hofu, maana wamemwona akitangulia. Na yule kijana, je, amekosa utii? La. Utii una masikio, lakini una kinywa pia. Kama angenyamaza, na mwenzake akazama, lisingemfaa neno la kusema, “Mimi niliamriwa tu.”

Labda mtu atasema: “Kila mtoto akibishana, kambi haitakuwako.” Amesema vema. Ndiyo sababu lazima kijana afundishwe kutofautisha. Akiambiwa aamke alfajiri kuteka maji, naye akakataa, hiyo si dhamiri, ni usingizi. Lakini akiona hatari ya uhai wa mtu, au akiamriwa dhambi, kusema ni wajibu wake.

Mfano mkubwa kuliko wa mto tunao katika wafiadini wa Uganda. Karoli Lwanga alikuwa mkubwa wa vijana waliotumika katika nyumba ya mfalme Mwanga. Vijana hao walimtumikia mfalme kwa bidii, na wengi wao walikuwa wakatekumeni kama ninyi. Mfalme alipotaka watende uchafu pamoja naye, walikataa. Katika mambo mengine hawakumwasi. Usiku kabla ya hukumu Lwanga aliwabatiza baadhi yao, na kati yao Kizito, mwenye umri wa miaka kumi na minne hivi. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, Lwanga alichomwa peke yake kabla ya wenzake. Hakuwatuma motoni akabaki nyuma. Mwaka 1934 Papa Pio wa Kumi na Moja alimweka kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake. Vijana wale walimtii wakubwa wawili, mfalme na Lwanga. Lakini mmoja tu kati ya hao wawili alikuwa mtii mwenyewe, naye ndiye waliyemfuata mpaka mwisho.

Basi, wakubwa wa vijana, mnapokwenda mafunzoni katika kiangazi hiki, msiridhike kujua mafundo na nyimbo. Jifunzeni kuandika majina ya watoto wote na kuwahesabu asubuhi na jioni; kuwaomba wazazi ruhusa; kula baada ya wadogo kula; kusikia neno la mdogo bila hasira. Hayo yote ni njia za kutii.

Nanyi wakatekumeni, siku ya ubatizo wenu mtaulizwa maswali, nanyi mtajibu kwa kinywa chenu wenyewe. Kumbukeni kwamba padri atakayewauliza amefungwa na majibu yale yale.

Nanyi wazazi, msiwazuie watoto kwenda kambini. Lakini kabla ya kumkabidhi mtoto, mwiteni mkubwa wa kundi, mpeni kiti, kisha mwulizeni bila kuficha: “Mwanangu atakutii wewe. Na wewe, ndugu, unamtii nani?” Akikasirika, mrudisheni mtoto nyumbani. Akijibu kwa utulivu, mfungieni mtoto mkeka wake, aende.